Pambano la Kufungia

Alida alipanda mlima wa Kagarama, Kigali, kwenda mazoezini siku ile amefura, na waliomsalimia njiani aliwajibu kwa kidevu tu. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Asubuhi yote alikuwa amefyeka nyasi na kuzibua mtaro pamoja na majirani zake, na kila jembe alilolishusha alilishusha akimfikiria mtu mmoja: mwalimu wake wa karate, Mwalimu Nzeyimana. Hasira hiyo haikuwa ya leo wala ya jana. Ilikuwa imechacha kwa miaka.

Kisa ni mkanda. Alida alivaa mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi, na alikuwa ameuvaa mpaka pindo zake zimebaki nyuzi. Alipoufunga mara ya kwanza alikuwa msichana wa shule. Sasa alikuwa mama wa mtoto, mwenye duka la vitambaa pale Sonatubes. Kila alipouliza zamu yake ya kuvaa mweusi ni lini, Mwalimu alimjibu neno moja: "Bado." Akibanwa sana aliongeza methali. "Haraka haraka haina baraka, Alida." Haraka gani, jamani? Kuna watu mtaani pale walikuwa wameoa, wakaachana, wakaoa tena, Alida yuko kahawia vilevile!

Na usidhani alitaka cha bure. Arnaud, kijana ambaye Alida mwenyewe alimfundisha jinsi ya kufunga mkanda mweupe, alichoka kusubiri akahamia klabu mpya nyuma ya maduka ya Sonatubes. Haukupita muda akarudi kujionyesha na mkanda mweusi unaong'aa. Alida alimwambia, "Hongera. Hebu tuonyeshe kuanguka." Kuanguka tu, jambo la kwanza anayeanza karate hapo kufundishwa. Arnaud akaanguka kama gunia la viazi, akainuka ameshika kiuno. Watu walicheka mpaka machozi. Alida hakucheka. Aliondoka na hasira mbili, moja ya wale wanaogawa mkanda mweusi kama karanga, nyingine ya huyu anayeubana kana kwamba atazikwa nao.

Kisha wiki ile Mama Gahongayire akamwita. Huyu alikuwa mkuu wa shule ya wasichana kule Rebero, mama aliyekulia Uganda, hapendi maneno mengi.

"Nimekuona ukifundisha watoto siku za Jumapili," alisema. "Nakutaka wewe uje ufundishe wasichana wangu. Lakini wazazi wanataka mkanda mweusi, na kamati inakaa Jumatatu. Nikiwapelekea wa kahawia, watamchukua yule kijana Arnaud."

Arnaud! Wasichana wa watu wafundishwe kuanguka na gunia la viazi! Alida alitoka pale masikio yanamuwaka. Kazi ile aliitaka kuliko duka, kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu ahamie Kigali kutoka Bujumbura, na kati yake na kazi ile palikuwa na kipande kimoja cha kitambaa cheusi.

Sasa, kwa Mwalimu Nzeyimana hapakuwa na mtihani wa karatasi. Ukumbi wake ulikuwa stoo ya zamani ya saruji, na desturi yake alikuja nayo kutoka Bujumbura, kwa mwalimu aliyemlea. Mwanafunzi akiiva, anaitwa mbele baada ya mazoezi, anapambana na mtu mwenye mkanda mweusi wa ukumbi huohuo, wote wakitazama. Waliliita pambano la kufungia, yaani kumfungia mtu mkanda. Si lazima ushinde. Sharti usimame mpaka mwisho, na pigo lako limguse mwenzako bila kumuumiza. Lakini wenye mweusi wa ukumbi ule walikuwa wametawanyika, huyu Kampala, huyu Ubelgiji, mwingine kaburini. Alibaki Mwalimu peke yake. Na tangu siku ile gari lilipomgonga akiwa juu ya pikipiki, akalazwa, akarudi akisema amepona kabisa, hakuwa amemwita mtu hata mmoja. Mstari wa kahawia ukawa unarefuka tu: Alida mbele, Mugeni akimfuata, na wengine nyuma yao.

Kitu kingine kilichobadilika baada ya ajali ni salamu. Wote walipiga magoti mwanzo na mwisho wa mazoezi, Mwalimu akabaki wima, mikono nyuma. Watu wakasema ndiyo cheo hicho, mwalimu mkubwa hapigi goti. Alida mwenyewe aliwaeleza watoto hivyo, tena kwa fahari.

Siku hiyo ya umuganda mazoezi yalikwisha, Mwalimu akaita salamu, watu wote wakapiga magoti. Alida alibaki amesimama.

"Alida, piga goti."

"Leo sipigi, Mwalimu. Naomba pambano la kufungia."

Mugeni, aliyepiga goti karibu yake, alimvuta suruali. Alida akamtoa mkono.

"Pambano haliombwi," Mwalimu alisema. "Mtu huitwa."

"Basi niite."

"Bado."

"Bado nini? Nitajie! Ngumi? Teke? Adabu? Nitajie kitu kimoja ninachokosa, niende nikakitafute!"

Mwalimu akatazama ukutani. "Mvumilivu hula mbivu."

"Zimeoza, Mwalimu! Zimeoza nikiziangalia! Ngoja ngoja huumiza matumbo, hiyo nayo ni methali, mbona hiyo hujatufundisha? Watoto wako nawafundisha mimi. Ukumbi naufagia mimi. Ulipolazwa ni mimi niliyeufungua kila siku ili watu wasikukimbie. Na Jumatatu Arnaud anapewa kazi yangu, Arnaud, Mwalimu, kwa sababu wewe umezoea kuniambia bado!"

Yebaba wee! Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimfokea Mwalimu namna hiyo. Mzee alibadilika uso. Alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi chake kilikuwa kimeguswa mbele ya watoto.

"Unadhani unaniweza?"

"Sijui. Hujaniacha nijue."

Alitupa taulo lake kwenye benchi. "Njoo."

Wakasalimiana, wakaanza. Mikono ya Mwalimu ilikuwa ileile, myepesi, haionekani inakotokea. Ngumi ya kwanza ilimkuta Alida kifuani, na haikuwa ya kugusa tu. Ya pili ikampata ubavuni. Alida alifurahi. Ndiyo, alifurahi, maana hatimaye kulikuwa na kitu cha kupiga. Akajibu, akasogea, akajibu tena, na wote waliopiga magoti wakasahau hata kupumua.

Ndipo akaona kitu. Kila alipozungukia kulia, Mwalimu hakugeuka. Alirudi nyuma. Akazungukia kulia tena, mzee akarudi nyuma tena, mpaka mgongo ukakaribia ukuta. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kwamba anayerudi nyuma moja kwa moja anajiua mwenyewe. Alida hakufikiri zaidi ya hapo. Alidanganya kwa ngumi ya kushoto, Mwalimu akalazimika kuuegemea mguu wake wa kulia, na goti likakatika upande. Mlio wake ulisikika. Uso wa mzee ukawa majivu.

Mguu wa Alida ulikuwa umeshaondoka. Ulikuwa unakwenda chini chini, palepale kwenye goti, ukiwa na bado zote za miaka yote ndani yake. Aliuzuia. Hata yeye hakujua aliuzuiaje. Wayo wake uligusa kitambaa cha suruali ya Mwalimu, ukaishia hapo.

Alisimama hivyo, kwa mguu mmoja, akaelewa. Salamu za kusimama. Cheo. Na yeye alivyowaeleza watoto kwa fahari, mpumbavu yeye!

Alishusha mguu. Mwalimu hakuweza kusogea hata hatua, basi Alida akamtia bega kwapani na kumburuta hadi kwenye benchi. Watoto walidhani wanakumbatiana. Wala! Alikuwa anamnong'oneza kwa meno yaliyokazwa.

"Goti. Miaka yote hii, kumbe goti?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mngejua siwezi tena kumfungia mtu mkanda." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Mngeondoka. Wewe ungekuwa wa kwanza."

"Ningeondoka, ndiyo! Ningepata kazi yangu, na kila Jumapili ningerudi hapa kukufagilia ukumbi na kukupikia chai. Sasa umenifanya nikuchukie, Mwalimu. Hiyo ndiyo faida uliyoipata."

Mzee alikaa ameshika goti kwa mikono miwili, akitazama sakafu. Mwishowe akasema, "Mugeni, fungua kabati. Rafu ya juu, nyuma ya bendeji."

Mugeni akarudi na kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Nailoni yenyewe ilikuwa imekuwa ya manjano kwa kukaa. Ndani yake mlikuwa na mkanda mweusi, na kwenye ncha yake jina limetariziwa kwa uzi wa dhahabu: ALIDA.

"Niliushonesha kabla ya ajali," Mwalimu alisema. "Ilikuwa nikuite wiki ileile."

Watu walingoja Alida alie. Wengine walishaanza kulia kwa niaba yake. Lakini yeye alisimama na mkanda mkononi, hasira ikipanda upya kutoka miguuni. Kwa hiyo alikuwa ameiva zamani zote hizo. Usiku wote aliolala akijiuliza ana kasoro gani, jibu lilikuwa limelala kabatini nyuma ya bendeji.

"Kwa hiyo bado zako zote zile," alisema, safari hii kwa sauti, "zilikuwa uongo."

Mwalimu aliinua kichwa. Aliutazama mstari mzima, watoto kwa wakubwa.

"Zilikuwa uongo," alisema, na wote wakasikia.

Alida alifungua wa kahawia, ukaanguka miguuni pake. Akafunga mweusi. Ulikuwa umekaa umekunjwa muda mrefu mno, na mikunjo ilikataa kunyooka hata alipoukaza kwa nguvu zake zote. Hakushukuru. Hakuinama. Aligeuka akautazama mstari wa kahawia, watu wazima waliokuwa wakikonda kwa kusubiri kama yeye.

Desturi ilisema mtu mwenye mkanda mweusi wa ukumbi huohuo. Haikusema lazima awe mwalimu.

"Mugeni, simama."

"Mimi? Leo?"

"Leo. Wewe nawe uliiva zamani. Au nakosea, Mwalimu?"

Mzee alikuwa amenyoosha mguu juu ya benchi. "Hukosei."

"Na wa nyuma yake?"

"Naye pia," Mwalimu alisema polepole. "Na wa nyuma yake."

Alida akarudi katikati ya ukumbi. Mugeni akaja mbele yake, akamwona uso ulivyokaza na macho yalivyoiva, akarudi nyuma nusu hatua.

"Usiogope," Alida alimwambia. "Hasira hii si yako. Njoo."