Mkwe Yuko Mbele

Watu wa Unguja walipolisikia jina la Mbio za Milima ya Pemba walicheka. Pemba kuna mlima gani, waliuliza, na kusema kweli mlima wa kuutazama kwa mbali ukavua kofia hakuna. Kuna vilima tu, vifupi, vya kijani, vimekaa kama vyungu vilivyofudikizwa. Lakini ukishuka kimoja, chengine kipo kinakungoja, na katikati yao kuna bonde, na bonde lina tope. Vijana waliokuja na saa za kuhesabu mapigo ya moyo waliacha kucheka mapema sana asubuhi ile.

Kificho hakuwa kijana, wala saa hakuwa nayo. Alikuwa mchumaji wa karafuu wa miaka arubaini na ushei, miguu mirefu myembamba, na sifa yake ilijulikana kutoka kijijini kwao mpaka sokoni Chake Chake: hamalizi kitu. Nyumba yake ilikuwa na kuta nne, paa haina. Kisima alichokichimba kilimfika kiunoni, kuku wakioga vumbi humo. Alianza kujifunza gari akajua kwenda mbele. Siku ya kufundishwa kurudi nyuma hakutokea. Hata hadithi alizozianza barazani zilimaliziwa na wengine.

Mkewe, Shamima, alivumilia masika baada ya masika chini ya turubali. Mwisho akafunga kanga zake akaenda kwao Wingwi. Hakugomba. Alisema tu, "Siku utakayomaliza kitu kimoja ulichokianza mwenyewe, n'tarudi. Kitu chochote, sichagui."

Wiki ile ile ikapita gari ya matangazo ya mbio. Kificho akaandikisha jina lake hata kabla ya kujua zinakwenda wapi. Alipoambiwa zinaishia uwanja wa mpira wa Wingwi, hatua chache kutoka nyumba ya wakwe zake, alikaa kitako.

"Si ungeezeka paa tu, yakhe?" aliuliza Hamad, muuza madafu, rafiki yake tangu skuli.

"Paa kazi ya mwezi mzima. Hii ya asubuhi moja."

"Na asubuhi moja ushawahi kuimaliza wewe?"

Sharti lilikuwa moja. Atakayeufikia utepe kabla ya adhana ya adhuhuri amemaliza, hata akija anatambaa. Adhana ikilia, utepe unakunjwa na watu wanakwenda kusali.

Basi wakaondoka Chake Chake baada ya sala ya alfajiri, na Kificho, wallahi, alikimbia. Hakukimbia vizuri. Raba alizoazima kwa Hamad zilikuwa kubwa, zikipiga makofi nyuma yake kama watu wa shangwe. Vilima vya mwanzo alivipanda kama anavyopanda mkarafuu, bila ya kutazama juu. Vya kati alivipanda kwa kutukana moyoni na kuomba msamaha papo hapo. Kila alipotaka kukaa chini ya mti alimuona Shamima amekaa juu ya bunda la kanga zake, anangoja, na miguu ikaenda. Alipofika karibu na Mgogoni waliokuwa nyuma yake walikuwepo bado, na jua lilikuwa halijapanda sana. Akaanza kutabasamu peke yake.

Likabaki bonde moja la mpunga na kilima kimoja. Njia ya bondeni ilikuwa juu ya tuta jembamba, la mtu mmoja, tope huku na huku. Kificho akaingia mbio. Katikati ya tuta akaona mgongo wa mwanamke, kanga ya zambarau, pakacha la muhogo kichwani, akitembea mwendo wa mtu aliyekwishafika.

Akaujua mgongo ule. Ni Bi Moza, mama yake Shamima.

Kificho akafunga breki, raba zikampita kidogo. Maana kwao mtu humpita njiani yeyote amtakaye, mzee, shehe, hata ng'ombe dume, lakini mama mkwe hampiti. Ukimkuta mbele, unafuata. Na mtu ambaye mkewe kakimbilia kwao, huyo hufuata kwa mbali zaidi, ameinamisha kichwa.

Akakohoa.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Moza bila ya kugeuka.

"Mimi mama, Kificho. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani ng'ombe wa watu kakata kamba. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Na nyumba yako haijambo?"

"Haijambo, mama."

"Paa je?"

Kificho akatazama tope. Nyuma yao wakatokea vijana wawili wa Unguja, wakasema samahani bibi, wakaruka topeni hadi magotini, wakarudi juu ya tuta mbele yake na kupotea.

"Wana wa watu hawa hawana wakwe?" alisema Bi Moza. Akatembea kidogo. "Na wewe mwanangu, una haraka?"

Hapo ndipo Kificho alipojimaliza. Nambari imebandikwa kifuani, jasho linamwagika mpaka puani, na mdomo wake, uliolelewa vizuri na marehemu mama yake, ukajibu wenyewe: "Hapana mama. Sina haraka."

"Alhamdulillahi. Basi nichukulie pakacha hili."

Wakakipanda kilima kile cha mwisho, mkwe mbele, mkwe nyuma, muhogo ukimtafuna Kificho utosini. Bi Moza alipumzika mara apendapo. Alieleza mbegu ya muhogo ule aliipata kwa nani. Mkimbiaji wa mwisho kabisa, bwana mmoja mnene aliyekuwa akichechemea tangu alfajiri, akawapita akiwaombea dua.

Juu ya kilima uwanja ukaonekana, na utepe mwekundu, na watu. Msikitini muadhini alikuwa akijaribu kipaza sauti: fuu, fuu. Na ukingoni mwa uwanja, palepale mdomoni mwa njia, alisimama Bi Rahila, jirani.

"Ee Moza, watokapi?"

"Bondeni, mwenzangu. Hamjambo kwenu?"

Jibu la "hatujambo" halikutosha. Walikuwa na mjukuu aliyeota meno, mbuzi aliyezaa mapacha, na goti. Bi Moza aliuliza khabari za kila mmoja, kisha akarudi kwenye goti. Fuu, fuu, kikafanya kipaza. Mzee mmoja pale uwanjani akaanza kuufungua utepe upande wa kushoto.

"Mama," alisema Kificho.

"Naam."

"Nilisema uongo bondeni. Nina haraka. Nina haraka tangu Chake Chake. Shamima alisema nikimaliza kitu kimoja... Sijawahi kufika karibu hivi, mama."

Bi Moza akageuka, na ndiyo mara ya kwanza kumtazama siku ile.

"Aliyoyasema nayajua. Nani unadhani alimfundisha?" Akajitanda kanga yake mpaka usoni, akageukia mkarafuu uliokuwa kando ya njia. "Rahila, tazama mti huu ulivyozaa. Mie hapa sioni anayepita."

"Nami sioni," alisema Bi Rahila.

Kificho akatoka. Pakacha alilisahau kichwani, au aliogopa kuliweka chini, hakuna anayejua mpaka leo. Muhogo mmoja ukaanguka. Akarudi akauokota, watu wakashika vichwa. Wa pili akaudaka kwa goti. Muadhini akavuta pumzi, uwanja mzima ukaisikia kwenye kipaza, na Kificho akaukata utepe kwa tumbo, upande mmoja umekwishafunguliwa, ukamfuata kama mkia.

"Allahu akbar," ikasikika kutoka msikitini.

Shamima alikuwa amesimama na kopo la maji. Hakumpa mara moja. Alichungulia pakacha.

"Huu muhogo wa mama."

"Wa mama."

"Na yeye yuko wapi?"

"Anatazama karafuu."

Shamima akageuza uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akampa maji, akamtua pakacha.

"Kasali, uje ule," alisema. "Kisha twende zetu kabla mvua haijaanza."

Alasiri, bunda la kanga likiwa begani mwa Kificho na medali shingoni mwa Bi Moza, aliyesema inamfaa zaidi, mke na mume wakashika njia ya bondeni. Kwenye tuta Kificho akasimama, kwa mazoea, ili ampishe.

"Tangulia wewe," alisema Shamima. "Na usisimame mpaka kwenye paa."