Visanduku Viwili vya Duka la Cherehani

Siku Bobini alipofariki, kisanduku chake cha mazungumzo kilibaki kinawaka kijani kwenye tovuti ya duka. Mteja aliandika, "Fundi, uzi unakatika-katika." Kisanduku kikajijibia, kama mwenyewe alivyokipanga: "Fundi yupo, anapangusa mafuta mikononi. Subiri kidogo."

Mkewe aliyaona hayo baada ya mazishi. Alicheka, kisha akakaa chini.

Waliuza cherehani na kuzitengeneza. Pembeni mwa tovuti palikuwa na visanduku viwili: cha mauzo kilikuwa cha mke, na cha ufundi cha Bobini, aliyepewa jina la kile kigurudumu cha uzi cha cherehani kwa ufupi na unene wake. Kwenye simu vilipandana kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani. Mwenye kutaka bei alimwangukia fundi, na mwenye cherehani mbovu akatajiwa bei ya mpya. Bobini hakutaka virekebishwe. Mchana alijificha karakanani, akaingia kisanduku cha mkewe kama mteja aliyepotea kisanduku: "Dada, chai mnauza? Koo la mteja limekauka."

Naye alimjibu kwa adabu zote za dukani: "Ndugu mteja, miguu unayo."

Wiki iliyofuata, dada yake Bobini, aliyeitengeneza tovuti ile, alikuja na kompyuta yake kwapani.

"Wifi, leo tunaondoa kimoja. Wateja wanatukimbia."

"Ondoa changu."

"Chako ndicho kinachotulisha! Au umeamua tule hewa?"

"Basi usiguse chochote. Cha mume wangu hakitoki."

Wifi mtu akafunga kompyuta taratibu. "Kinawangojesha watu mtu asiyekuja. Juzi nilikiandikia mwenyewe. Kikaniambia nisubiri kidogo."

"Ukasubiri?"

"Nikasubiri, mjinga mimi. Mpaka chai ikapoa."

Walitazamana, wakaangua kicheko, na kicheko kikaishia kwenye ncha za kanga.

"Kwani," mjane akauliza akipenga kamasi, "haviwezi kukaa kila kimoja kwenye ukurasa wake?"

"Toka zamani vinaweza. Kaka ndiye alikuwa mbishi."

"Angepata wapi kisingizio cha kunisumbua?"

Maneno ya Bobini kisandukuni mjane aliyafuta mwenyewe, herufi moja moja, wifi yake akiangalia dirishani kwa makusudi. Halafu akamwandikia yule mteja wa uzi: "Samahani kwa kukungojesha. Fundi wetu amefariki. Itazame sindano, huenda umeiweka kinyume."

Jibu likaja upesi: "Poleni sana. Kweli, ilikuwa kinyume."

Sasa kisanduku cha mauzo kiko ukurasa wa bei, cha ufundi ukurasa wa matengenezo. Cha ufundi anajibu wifi, aliyefundishwa cherehani na kaka yake kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Jioni duka likifungwa, vyote viwili huzimwa.