Inchi Sita za Rula

Siku hiyo mjinga alikuwa Rula, na heri tuliseme mapema kabla mama yake hajalisema. Jina la Rula alipewa kwa sababu tangu aanze useremala hajakata ubao bila kuupima mara tatu na kumtangazia kila apitaye.

Alikuwa na msumeno mdogo wa umeme, ule wa mkanda: utepe wa chuma wenye meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Ulikata hadi unene wa inchi sita. Zaidi ya hapo mota iliguna kama mzee aliyeamshwa usingizini. Na sasa mlangoni pa karakana lilikuwapo gogo la mtiki, inchi kumi kwenda juu, la mti alioupanda marehemu baba. Mama alitaka meza ya mbao nne pana. Kiwandani msumeno wao mnene ungegeuza ubao mzima kuwa unga, zikabaki tatu. Na gogo lenyewe ni hilo hilo, halina pacha.

"Kaka, niachie mashine siku mbili," alisema mdogo wake wa kike, fundi wa kusuka mota.

"Wewe? Hii ni mashine, si feni ya shangazi."

"Feni ya shangazi inazunguka. Mashine yako inalia."

Rula alikaa pembeni apate cha kucheka. Kicheko kikagoma. Yule binti alichukua mota kubwa ya pampu iliyoungua, akaisuka upya waya kwa waya, ikanguruma kwa sauti nzito, tulivu. Akaifungua nguzo ya mashine katikati, akapachika kipande cha chuma cha inchi sita, kikakaa kama kilizaliwa pale. Gurudumu la juu likapanda. Kaka mtu alibakiwa na kazi moja tu: kuagiza mkanda mrefu zaidi.

"Nimeongeza inchi sita," alitangaza. "Nimepima mara tatu!"

Mkanda ulipofika, haukulifikia gurudumu la juu. Rula alivuta, akatukana kimoyomoyo, jasho likamtoka.

"Umeinua nguzo kupita kiasi!"

Mdogo wake alikata kipande cha mkanda wa zamani, akakiunga kwenye ule mpya kwa kuchomelea, akapiga tupa mpaka kidole kikashindwa kukiona kiungo.

"Inchi sita nyingine," alisema. "Washa."

Meno yakaingia kwenye mtiki kama kisu kwenye papai. Mota haikuguna hata mara moja. Ubao wa kwanza ukajilaza, wa pili, wa tatu, na wa nne, mweupe pembeni, moyo wa dhahabu. Rula alipitisha kiganja juu yake, akaupima mara tatu.

Mama yao, fundi cherehani, alipoingia, futi ikining'inia shingoni, Rula akatangaza:

"Mama, mwanao ni fundi! Mafundi wa mtaa mzima waje wasome kwake, na mimi niwe wa kwanza kwenye foleni. Ila haki isemwe: nguzo imepanda inchi sita, mkanda nimeongeza inchi sita. Kosa langu liko wapi?"

Mama aliutazama mkanda, unavyopanda upande huu na kushuka upande ule. Kisha akamtazama mwanawe, kiunoni mpaka viatuni.

"Baba, nikirefusha suruali yako inchi sita, nirefushe mguu mmoja?"