Danford Aenda Kutazama Wanyama

Danford alivaa tai kwenda kutazama ngedere. Baadaye, akiwasimulia watu, alikiri mwenyewe kwamba hakuna ngedere aliyemwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi, ingawa jibu alikuwa nalo tayari.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka hamsini na nne. Nje kidogo ya Tunduma serikali ilikuwa imetenga kipande cha msitu wa miombo, ikamweka Boazi, askari wa wanyama, afyeke njia nyembamba ya kuuzunguka na kujenga kibanda cha mafuvu na ngozi, ili watu waje wafundishwe kwamba mnyama si kitoweo tu. Danford alifuatana na Efraimu, kaka yake Leah. Leah alikuwa ameshaposwa na Danford, lakini jibu lilikuwa bado mdomoni mwa mama yake, Nesta. Mama huyo hakuwa na neno baya juu ya kijana, ila hofu moja: msomi wa darasa la kumi ataweza kweli kumkwepa mama mkwe njiani, kama desturi ya Wanamwanga inavyotaka? Au atamsimamia usoni, amnyooshee mkono na kumwuliza habari za asubuhi kama karani wa boma?

"Shemeji," Efraimu alimchokoza, "ukikutana na mama utafanyaje?"

"Nitajificha, nifanyeje tena?"

"Na tai hiyo? Mbona wanaiona hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka!"

Boazi aliwatangulia na fimbo yake. "Njia ni hii. Mguu usitoke nje. Huko pembeni kuna nyoka, kuna mitego ya zamani, na kuna upupu. Huu hapa." Akawaonyesha mmea wa kutambaa uliojaa maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Danford akaona huo ndio wasaa wa kutaja sehemu zote za ua, kama alivyofundishwa shuleni. Boazi alimngoja amalize, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite.

Mbele kidogo Danford aliinama ghafla, akashusha sauti. "Tulieni. Nyayo za chui."

"Za mbwa wangu hizo," alisema Boazi.

Efraimu alicheka mpaka akashika mti. Danford naye akacheka, maana angefanya nini? Walikuwa bado wanacheka walipopinda kona ya kijito, wakasikia sauti za akina mama wa kanisa. Hao walikuwa wameingilia upande wa pili, na aliyetangulia, mwavuli mkononi, alikuwa Nesta.

Njia ilikuwa ya mtu mmoja.

"Mguu usitoke nje!" Boazi alipaza sauti. Lakini Danford alikuwa ameshatoka, miguu, tai na vyote. Alijirusha kichakani kama furushi la mzigo, akatua tumbo chini, akafumbua macho. Mbele ya pua yake yalining'inia maganda yenye manyoya ya dhahabu. Hakupata taabu kuyatambua. Elimu ya siku ile ilikuwa imemwingia.

Nesta aligeuka haraka, akajitanda kitambaa na kukitazama kijito. Kisha kichaka kikaanza kucheza ngoma.

"Efraimu," Nesta alisema bila kugeuka, "mwambie asijikune. Akijikuna upupu unazidi kuingia."

"Efraimu," kichaka kikajibu, "mwambie mama mimi nimesikia. Mikono ndiyo haijasikia."

"Mwambie kibandani kuna majivu, avue shati ajipake."

"Lakini mnasikiana vizuri tu!" Efraimu alilalamika. "Mimi nabebeshwa nini hapa?"

"Nyamaza, ubebe."

Danford alipita msituni akiruka kama panzi. Kibandani Boazi alimpaka majivu ya jikoni kuanzia shingo mpaka vidole vya miguu, akawa wa kijivu kama kiazi cha kuchoma. Wala hawajamaliza, akina mama hao mlangoni, wamekuja kuona ngozi. Mlango ni mmoja. Danford akaingia nyuma ya ngozi ya chui iliyotundikwa kwenye kamba.

Boazi, mtu wa kazi yake, akaanza kufundisha. "Huyu ni chui. Hapendi kuonekana. Unaweza kupita karibu naye usijue."

Akina mama wakainamisha macho. Chini ya ngozi ilisimama miguu miwili ya kijivu, vidole vinajikunja. Mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa. Nesta alitazama mara moja tu, akageukia ukuta.

"Efraimu."

"Nabeba, mama."

"Mimi niliogopa shule imempotezea adabu. Kumbe kilichopotea ni woga wa upupu." Sauti ikalainika. "Mwambie huyo chui wako, wazee wake waje Jumapili. Leah nimempa."

Danford alitaka kushukuru, akakumbuka kuwa sasa yeye ni chui, na chui hasemi. Ngozi ikaanza kutikisika kwa nguvu, na akina mama wakapiga vigelegele wakidhani mkwe anaitikia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, tena tele. Ila kwa wakati ule alikuwa anajikuna.