Maji ya Kitovuni

Fundi cherehani alikuwa akimwogesha binti yake asubuhi alipoona ncha ya mrija imechungulia kitovuni. Ulikuwa mrija uleule ambao daktari aliupitisha chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yaliyokuwa yakijaa kichwani yapate pa kwenda. Sasa yalikuwa yakidondokea kwenye kikombe. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na hakuwa ameanza kusema.

"Mama, shingo inauma," maji yalisema.

Mama alifunika ile ncha kwa kitambaa kisafi, akamimina maji kwenye chupa, akambeba mwanawe. Njiani maji yaliomba wasikimbie sana, kichwa kinagonga.

Hospitalini walikuwa wakimjua. Alishaleta habari za homa, za kutapika, za shingo ngumu, na kila mara alipigwa danadana: ni meno, ni minyoo, ni wasiwasi wako tu, mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi havai koti jeupe.

"Mrija kutokea kitovuni?" daktari alisema, bado hajamfunua mtoto. "Hilo ni nadra sana. Mimi sijawahi kuliona."

"Basi lione leo, daktari."

"Shikamoo, daktari," chupa ilisema kutoka mkobani mwa mama. "Mwanga unaniumiza macho."

Daktari aliitikia, akaomba chupa, akaiweka mezani na kuvuta kiti. Aliiuliza yote ambayo hakuwahi kumuuliza mama. Maji yalijibu kwa adabu, na kila jibu yalimalizia, "Mama alishawaambia." Muuguzi alisifu jinsi yanavyojieleza. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mtoto begani.

Siku hiyohiyo mrija ulitolewa. Dawa ziliua wadudu waliokuwa wameupanda hadi kichwani, kisha ukawekwa mpya. Mtoto alipozinduka alisema kwa kinywa chake mwenyewe, "Njaa." Mama alicheka huku machozi yanamtoka.

Siku ya kuruhusiwa, walipita kwenye benchi la wagonjwa. Mama mwingine alikuwa amempakata mtoto mwenye mrija, anayetapika tangu alfajiri.

"Maji yake yanasemaje?" muuguzi alimuuliza.

"Hayasemi. Nasema mimi."

"Basi nenda nyumbani. Yakianza kusema, mlete."

Yule mama akaanza kukusanya nepi zake. Fundi cherehani alimshika mkono, akaketi kando yake na binti mapajani.

"Sogea kidogo, dada," alisema. "Hapa haondoki mtu."