Mji Ulioungua Gazetini

Miaka ile kabla ya vita vya Wazungu kufika Maniema, Kindu haikuwa na siku ya utulivu. Asubuhi utasikia wageni wenye bunduki wameonekana huko chini ya mto. Jioni utasikia wamerudi walikotoka. Waliosadiki walifunga mizigo wakaelekea Tunda. Wasiosadiki waliwacheka, kisha na wao wakaanza kufunga. Hata ngoma za Wagenya, wapiga kasia wa Lualaba, zikilia kwa ajili ya harusi tu, watu waliacha chungu motoni wakakimbilia ukingoni.

Halima alikuwa na wasiwasi wake wa peke yake. Mumewe, Sumaili, alikwenda pwani na msafara wa pembe, na hakuwa amerudi. Yeye Halima alizaliwa upande wa Pangi, akatekwa angali mtoto, akafikishwa pwani, na huko wamisionari wakamlea na kumfundisha kusoma. Sumaili alimkuta huko huko, akamwoa, akamrudisha nyumbani. Kindu walikuwapo wasomi wa Kiarabu, lakini herufi za Kizungu alizijua Halima peke yake. Hakuna aliyejali, maana hapakuwa na cha kusoma.

Siku moja alikuwa akipepeta mchele uani pamoja na jirani yake Riziki, Bakari akaingia. Huyu Bakari alikuwa kiongozi wa misafara, na vumbi la njia ya Kabambare lilikuwa bado miguuni mwake. Alitoa karatasi iliyokunjamana kifuani.

"Dada Halima, hili ni gazeti. Lilifungiwa kioo cha biashara. Pale Ujiji watu wanasema limeitaja Kindu. Nisomee."

Halima alilinyoosha gotini. Yalikuwa maneno ya Kiswahili, safi kabisa, yamepangwa kama mistari ya mahindi shambani. Alisoma polepole: "Kindu, mji wa waungwana kando ya mto, umeteketea kwa moto. Watu wake wamekufa au wametawanyika. Mkubwa wao, Zuberi, ameuawa."

Riziki aliangua kicheko. "Tumekufa! Na huu mchele anapepeta nani?"

Halima naye akacheka. Bakari hakucheka.

"Pale Ujiji wamekwisha kumsomea Bwana Zuberi hitima," alisema. "Misafara miwili imegeuka njiani. Nani abebe chumvi na nguo kuwapelekea maiti?"

Kicheko kikakauka mdomoni mwa Halima. Sumaili alikuwa njiani. Kama amelisikia neno hili, atarudi kwa nani?

Kabla mchele haujaingia ndani, Bwana Zuberi alikuwa amekwisha kupata habari. Alimwita Halima barazani kwake. Alikuwa mtu wa sauti nzito, aliyezoea kutiiwa na wengine.

"Soma pale penye jina langu."

Halima akasoma.

"Soma tena."

Akasoma tena. Zuberi akajishika kifua, kana kwamba anahakikisha.

"Miye niko muzima," alisema. "Muntu wa pwani, hajanitia machoni, ananiua kwa wino!" Akazunguka barazani, akarudi. "Sikia, binti. Watu wamekwisha kujua karatasi iko. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, utawasomea. Hilo la moto uliache. Useme limeandikwa kwamba Wazungu wa mto wamerudi kwao. Mpunga uko tayari shambani. Watu wakikimbia sasa, watakufa kwa njaa porini."

Halima aliinamisha kichwa. Hoja ya mpunga ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomchoma.

"Bwana, siku moja itakuja karatasi yenye hatari ya kweli. Kama kesho nimewasomea yasiyoandikwa, siku ile nani atanisadiki?"

"Unanikatalia?"

"Nakataa uongo, Bwana. Hawa walioandika ni watu kama sisi. Nimewaona kwa macho yangu kule kwa wamisionari wakipanga herufi, mikono myeusi kwa wino. Aliyewaambia amewadanganya. Na sisi tuwaambie."

Zuberi aliketi. Halima alidhani ataitiwa fimbo. Kumbe mzee yule alikuwa akifikiri jambo jingine.

"Mama yangu yuko hai Bagamoyo," alisema. "Atakuwa amelia. Mtu mzima yule, ananililia mimi, nami nakula wali. Basi wasomee yote, kisha uwaandikie hao wa gazeti kwamba tuko."

Ijumaa Halima alisimama mbele ya watu, akasoma kila neno. Zogo likazuka. Wengine waliomba dua, wengine wakasema hiyo si habari, ni uchawi: mji ukishaandikwa umeungua, lazima utaungua. Nyumba za upande wa mtoni zilihamwa siku ile ile, wenyewe hawakungoja hata kuvuna. Mwanamke mmoja aliyebeba mkeka kichwani alimpitia Halima akamwambia, "Ulimi wako njo umetufukuza." Wakati wote Halima alipokuwa akitengeneza wino kwa masizi ya chungu na maji ya gundi, neno lile lilimkwaruza.

Lakini waliobaki walikuja. Walijazana uani, wakisukumana.

"Andika miye Abedi, mufua chuma, niko."

"Andika Riziki, na watoto wake wote."

"Andika mama yangu Mwamini, kipofu, lakini yuko."

Zuberi alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya watu kama mtu yeyote, akangoja zamu yake. Wa mwisho Halima alijiandika yeye: Halima, mke wa Sumaili mpagazi, yu hai, anamngoja. Bakari aliikunja karatasi ile akaondoka nayo kuelekea pwani.

Basi ikawa kungoja. Masika yakaja, Wazungu wakazidi kukaribia, Zuberi akahamia ng'ambo ya mto na watu wake. Halima hakuondoka. Kila msafara uliosikika njiani, alikuwa wa kwanza kutoka.

Mpunga wa mwaka wa pili ulipoanza kukomaa, Sumaili alitokea. Alikuwa amekonda, na mkononi alishika gazeti jipya. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, ameuma ncha ya khanga.

"Lile la kwanza lilisomwa Tabora," Sumaili alisema, bila kuvuka kizingiti. "Nilikulilia, Halima. Nikaoa. Kisha likaja hili."

Halima alilipokea. Majina yao yalikuwamo, mengi yamekosewa. Lake liliandikwa Halimu, na mwenye gazeti alimshukuru bwana huyo kwa bidii yake. Pale palipopaswa kuwa na maneno "mke wa Sumaili, anamngoja," hapakuwa na kitu.

"Umejuaje basi kwamba ni mimi?"

"Alikuwapo Riziki, alikuwapo Abedi. Nikasema, hawa ni majirani zangu. Aliyewaandika ni nani kama si wewe?"

Halima alimtazama yule kijana, aliyeitwa Hawa. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Akamvutia kigoda, akamletea maji.

"Kaa, mdogo wangu. Wewe hukunikosea." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe nenda ukalale kwa Bakari. Sijui bado moyo wangu unataka nini."

Jibu alilijua mavuno yalipokwisha. Aliomba talaka, na Sumaili akaitoa huku akilia. Sumaili na Hawa walijenga nyumba ya tatu kutoka kwa Riziki, na Hawa alikuja mara kwa mara kutwanga pamoja na Halima na Riziki.

Watu nao walianza kumletea Halima kila karatasi yenye herufi, hata iliyofungiwa sabuni. Walimsimamia begani wakiuliza, "Tumo?" Akitafuta na kukosa, aliwaambia, "Leo hatumo," nao wakarudi makwao, wengine wameshusha pumzi, wengine wamenuna.