Mvinyo Mtamu wa Mzee Léonce

Mzee Léonce alishukuru chakula kwa sala fupi, lakini macho yake yalibaki wazi, yakilitazama jagi. Kwa nini jagi? Mvinyo mweusi wa Cahors, uliotoka katika mizabibu yake mwenyewe, sikuzote uliletwa mezani katika chupa yake. Leo mkwewe Thibaud alikuwa ameumimina huko huko stoo, chini ya nyumba, peke yake.

"Umechoka kubeba chupa, mkwe?"

"Hapana, mzee. Nimeuacha upumue kidogo."

"Upumue! Kwani ulikuwa unakimbia?"

Maryse, binti yake, alicheka. Thibaud hakucheka. Hilo nalo mzee akaliweka moyoni.

Tangu Krismasi ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Thibaud, mtu wa Bordeaux, kwa wapinzani wao wa mvinyo. Na Ijumaa gari la mfanyabiashara kutoka huko huko lilisimama getini, likaondoka bila mtu kuingia kumsalimu mwenye nyumba.

Walianza na artichoki, mboga za majani mazito kama magamba, za kwanza msimu huu. Léonce alizichuma mwenyewe bustanini kabla ya misa, akaagiza zichemshwe. Alichomoa jani baada ya jani, akalikwangua kwa meno, akala mpaka kiini. Kisha akanywa.

Mvinyo ulikuwa mtamu. Si utamu wa zabibu, bali utamu wa kijinga, kama maji yaliyokorogwa sukari. Ule ukali unaoshika ulimi ulikuwa wapi?

"Thibaud, pipa langu umemuuzia nani?"

"Pipa lipi?"

"Huu si mvinyo wangu. Nyie watu wa Bordeaux mnachakachua hata maji! Ufunguo. Weka hapa."

Thibaud akauweka mezani, uso umemwiva. "Yule mfanyabiashara nilimfukuza, mzee. Alitaka tuuchanganye na wake."

"Kamdanganye mama yako."

"Basi tunaondoka," Maryse alisema taratibu. "Huwezi kumwita mume wangu mwizi, halafu ungoje nikufulie mashuka. Tule bata, tukafunge mizigo."

Akaleta mapaja ya bata yaliyoiva katika mafuta yake yenyewe, na viazi vya kitunguu saumu. Mafuta yalipomjaa kinywani, Léonce akaishika glasi ileile bila hamu.

Ukali ukamkamata ulimi. Akanywa tena. Ulikuwa wenyewe, mvinyo wa kilima chake.

Akayatazama majani ya artichoki yaliyorundikana sahanini. Marehemu Eulalie, mkewe, siku ya artichoki aliweka maji mezani na kuificha chupa mpaka nyama ije. Miaka yote ile yeye alidhani ni ubahili.

"Kumbe ni hizi mboga," alinong'ona.

"Zinaugeuza ladha," alisema Thibaud. "Nilijua. Lakini ningekwambia, ungeniamini?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nisingekuamini." Akausukuma ufunguo kuelekea kwake. "Nimekusingizia, tena sala ikiwa bado mdomoni. Nisamehe, mwanangu."

Thibaud hakuugusa. "Nikiuchukua, hutanifuata nyuma kukagua chupa?"

"Sitakufuata."

"Hata gari likisimama getini?"

"Hata hapo. Mungu anisaidie."

Thibaud akauchukua, akashuka kuleta chupa nyingine. Masikio ya mzee yakaanza kumfuata ngazini. Akayakemea, akamwomba Maryse amwongezee viazi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.